Gari ya bilioni sabini na fundi wa bodi za daladala

Daladala za mbao za Unguja, zile zenye mabenchi ya kutazamana na paa la kubebea mikungu ya ndizi, hazikuja hivyo kutoka Japani. Kilichoshuka bandarini Malindi ni lori dogo: chasisi (fremu ya chini), injini, gia boksi na kichwa cha dereva. Bodi imejengwa hapa hapa na seremala, kwa mbao, bolti na mabati. Mwenye gari alisimama pembeni akitoa maagizo yake: benchi liwe juu kidogo, paa liwe na vyuma vya kufungia mizigo, na ubao wa nyuma uandikwe jina alilolitaka yeye. Hakuna daladala mbili za namna hiyo zilizo sawasawa.

Gari ghali kuliko zote mpya duniani hutengenezwa kwa mtindo huo huo.

Rolls-Royce kwa miaka mingi haikuuza gari kamili. Hadi Vita vya Pili vya Dunia mnunuzi alipewa chasisi na injini, akaipeleka kwa wajenzi wa bodi kama Barker, Hooper au Park Ward, akakaa nao kuchagua umbo, ngozi na rangi. Kazi hiyo ilififia bodi na chasisi zilipoanza kuundwa kitu kimoja, kwani hapakubaki pa kuanzia kujenga. Mwaka 2017 ikarudi. Kiwanda cha Goodwood, Uingereza, kikatoa Sweptail, gari moja tu kwa mtu mmoja, bei iliyotajwa kiasi cha dola milioni 13. Mwaka 2021 ikafuata Boat Tail, tatu tu, na magazeti yakataja karibu dola milioni 28 kwa kila moja. Kampuni yenyewe haikutangaza bei. Mwaka 2023 ikaja La Rose Noire Droptail, ikasemwa imepita milioni 30. Kwa fedha yetu, Boat Tail moja ni karibu shilingi bilioni 70.

Mtu akisikia bei hiyo hudhani ndani kuna dhahabu. Hapana. Kuna alumini, ngozi ya ng'ombe, mbao, raba, vioo na nyaya. Hata ukinunua kila kimoja cha daraja la kwanza, ukaongeza na cha kutupa, hufiki hata robo ya bei. Fedha imekwenda kwingine, na pa kwanza pa kuitafuta ni kwenye hesabu ya kugawanya tuliyosomeshwa skuli.

Chukua taa ya mbele. Tuseme kuichora, kuchonga ukungu wa chuma wa kumiminia plastiki na kuijaribu kwa joto, maji na mtikisiko kumegharimu dola milioni 2 kabla taa ya kwanza haijatoka. Kiwanda cha gari za kawaida kitakachouza gari 400,000 kitabandika dola 5 juu ya kila gari, na mnunuzi hatahisi. Anayejenga gari tatu atabandika zaidi ya dola 660,000 juu ya kila moja, kwa taa peke yake. Sasa Boat Tail ilihitaji vipande 1,813 vipya, ambavyo havipo kwenye gari nyingine yoyote. Kifuniko cha nyuma tu, kinachofunguka kama mbawa za nyenje kikatoa jokofu, vyombo vya mezani na mwavuli, kilitaka kompyuta zake tano na nyaya zilizopangwa upya, kazi ya miezi tisa. (Jokofu limewekwa kwa ajili ya mvinyo wa Kifaransa, hupozwa mpaka nyuzi 6. Huku lingefaa kwa juisi ya ukwaju.)

Ndiyo maana nacheka nikisoma matangazo yanayosifu kazi ya mkono kana kwamba ni pambo aliloongezewa tajiri. Kwa gari tatu, mkono ndio njia rahisi. Ukungu wa kugandamizia bati la mlango hugharimu fedha nyingi, na hurudisha fedha hizo kwa kutoa maelfu ya milango. Kwa milango sita hauna maana. Fundi mwenye nyundo na kinu cha mbao ataipiga alumini mpaka ikubali umbo, kwa wiki kadhaa, na bado atakuwa rahisi kuliko mashine. Seremala wa daladala naye hajengi kwa mkono ili asifiwe.

Kugawanya huko kunaweza kumshinda hata mwenye nguvu. Bugatti Veyron, iliyotoka mwaka 2005 ikiwa mikononi mwa Volkswagen, iliuzwa kwa zaidi ya euro milioni moja, zikajengwa 450. Mwaka 2013 wachambuzi wa Bernstein Research walikadiria kwamba kila moja ilimtia mwenye kiwanda hasara ya karibu euro milioni 4.6. Kwa hisabu hiyo, walioinunua waliipata rahisi.

Sheria nayo mara nyingi haitazami idadi. Gari ya kutembea barabarani kwa kawaida lazima igongeshwe ukutani na ipimwe, uwe unajenga milioni au themanini. Koenigsegg, mtengenezaji wa gari za kasi wa Ängelholm huko Sweden, hana uwezo wa kuvunja gari kumi za mamilioni. Huchukua boksi moja la kaboni la katikati, lile wanamokaa watu, huligongesha, hubadilisha vipande vya mbele vilivyopondeka, huligongesha tena. Boksi hilo hilo hupita majaribio mengi, na hilo linakwambia pia uimara wake.

Kaboni yenyewe inataka maelezo marefu, maana neno hilo linatajwa kila mahali na wachache wanajua linavyotokea. Mwanzo wake ni uzi wa akriliki, ndugu wa uzi wa sweta. Unapitishwa kwenye joto la nyuzi mia mbili na kitu, kisha kwenye tanuri lisilo na hewa la zaidi ya nyuzi 1,000, mpaka vitu vingine vyote vitoke ibaki kaboni tupu. Unyuzi mmoja ni mwembamba kuliko unywele mara kumi hivi. Maelfu yake husukwa kuwa kitambaa cheusi, kikalowekwa resini, aina ya gundi, isiyokauka bado. Kitambaa hicho huwekwa kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa sababu resini inaendelea kukomaa yenyewe kwenye joto la chumba. Kila roli lina daftari la saa lilizokaa nje ya friza. Saa zikipita kiwango, roli zima linatupwa hata kama kwa macho halina kasoro.

Fundi hukata vipande kwa kielelezo na kuvilaza ndani ya ukungu, tabaka juu ya tabaka. Kitambaa kina nguvu upande nyuzi zinapoelekea tu, kwa hiyo tabaka moja huenda mbele, la pili pembeni, la tatu mshazari, kwa mpangilio uliochorwa na mhandisi. Ukikosea tabaka moja, kipande kitaonekana sawa lakini kitajipinda kikitoka kwenye tanuri. Kila kipande kina ngozi ya plastiki ya kuibandua kabla ya kukilaza. Kipande cha plastiki saizi ya kucha kikisahauliwa katikati, mlango huo haufai tena. Kwenye kona za ndani ndiko kwenye balaa: kitambaa hukazika kama ngozi ya ngoma kikaruka kona bila kuigusa, chini yake kukabaki pengo, na pengo hilo ndilo litakalopasuka baadaye. Dawa yake ni kila baada ya tabaka chache kufunika kwa mfuko na kunyonya hewa, kisha kuendelea.

Mwisho ukungu wote hutiwa kwenye mfuko, hunyonywa hewa tena, huingizwa kwenye otoklevu, tanuri la chuma lenye kugandamiza. Joto hupandishwa polepole mpaka kati ya nyuzi 120 na 180, na mgandamizo wa hewa kama mara sita ya huu tunaoishi ndani yake. Mfuko ukiwa na tundu la sindano, hewa itaingia, na kinachotoka ni kaki yenye mapovu. Wala hukiyeyushi ukaanza upya. Resini ikishaiva, imeiva, kama yai.

Horacio Pagani, mzaliwa wa Casilda, Argentina, aliijua mapema thamani ya tanuri hilo. Akiwa Lamborghini miaka ya 1980 aliwaomba wakubwa wanunue moja. Inasimuliwa kwamba walimjibu: Ferrari hawana, sisi la nini? Akakopa akanunua lake. Leo kiwanda chake cha San Cesario sul Panaro, karibu na Modena, kinatoa gari kwa kumi kumi tu, na Zonda HP Barchetta, zilizojengwa tatu, ilitajwa kwa dola milioni 17.5. Kwenye gari zake utaona mistari ya kitambaa cha kaboni ikikutana katikati ya boneti kama miiba ya samaki, kisha ikiendelea kutoka mlango hadi ubavu bila kukatika. Fundi cherehani anayeshona shati la kikoi anaijua taabu hiyo: mistari ikutane kwenye mshono, na ukikosea kidole kimoja kitambaa kimekwenda. Tofauti ni kwamba kitambaa hiki kimelala kwenye umbo lenye mabonde, na kinatakiwa kilingane baada ya kupikwa.

Koenigsegg aliongeza ukaidi zaidi. Kwenye CCXR Trevita nyuzi zilipakwa kitu cheupe ili gari ing'ae kama almasi ikipigwa na jua, si kama lami. Zilipangwa tatu, na jina lenyewe la Kiswidi lina maana ya weupe watatu. Kazi ikawa ngumu mno, zikatoka mbili. Bei ilikuwa dola milioni 4.8.

Sasa bolti, kitu ambacho sisi wa pwani tungepaswa kukielewa kabla ya wao. Pagani hutumia bolti za titani, kila moja imechongwa jina lake kichwani, na watu hucheka kwamba ni ufahari. Ufahari upo. Lakini kaboni inapitisha umeme, na ikigusana na alumini mahali penye maji ya chumvi hugeuka kama betri ndogo: alumini ndiyo inayoliwa. Hutaona kitu kwa mwaka, kisha unga mweupe unatokea kwenye kingo, halafu bolti inazunguka bila kushika. Anayeishi Jang'ombe au Wete ameuona unga huo kwenye fremu za madirisha. Titani haina ugomvi na kaboni. Njia nyingine ni kuweka tabaka la nyuzi za kioo katikati ya viwili hivyo, na viwanda vingi hufanya hivyo, ila tabaka hilo likichubuka wakati wa kufunga, ugonjwa huanza upya.

Rolls-Royce hawana pupa ya kaboni. Wao fedha yao hulala kwenye mbao na ngozi. Ngozi ni ya madume, kwa sababu tumbo la ng'ombe aliyezaa lina michirizi isiyofichika. Huchaguliwa madume wa sehemu za baridi za milimani, kusiko na mbu wengi wala seng'enge, maana kila alama ya kung'atwa au kuchubuliwa hujitokeza ngozi ikishatiwa rangi. Ng'ombe wetu wa shamba, waliosuguana na miiba na kupe, wasingepita hata mlangoni.

Mbao huchongwa nyembamba chini ya milimita moja. Vipande vinavyofuatana kutoka gogo moja hufunguliwa kama kurasa za kitabu, ili mlango wa kulia uwe kioo cha mlango wa kushoto. Mbao za gari moja hutoka kwenye mti mmoja, kwa sababu miti miwili hufifia kwa mwendo tofauti na baada ya miaka michache gari ingekuwa na viraka. Ndani ya La Rose Noire kuna vipande 1,603 vya mbao nyeusi vilivyopangwa kama petali za waridi zinazoanguka, kazi iliyochukua karibu miaka miwili. Paa la nyota la Phantom, gari yao nyingine, nalo hutobolewa kwa mkono, tundu moja moja, kati ya 800 na 1,600, na kila tundu huvutwa unyuzi wa kupitisha mwanga. Mstari mwembamba wa ubavuni huchorwa kwa brashi ya manyoya ya kindi, bila mkanda wa kuongozea.

Boat Tail, kama jina lake, imeigiza tezi la mashua, na sehemu hiyo imefunikwa mbao upande wa nje. Hapa maseremala wa Nungwi wangekuwa na maswali. Mbao kwenye chombo huishi kwa sababu imeachwa ivimbe na isinyae: pamba ya kalafati baina ya mbao na mbao inafuata, na sifa, yale mafuta ya papa, inapakwa tena na tena. Mbao iliyogundishwa juu ya alumini haina ruhusa ya kusogea, ilhali alumini chini yake inatanuka kwa jua. Gundi na vanishi ndizo zinazobeba ugomvi wote, na zikishindwa mbao hunyanyuka ukingoni, maji huingia, madoa meusi hufuata. Kwa England yenye jua la kuazima, sawa. Kwa jua la Kizimkazi la saa saba mchana halafu mvua ya vuli saa nane, gari hiyo ikae bandani.

Kuna njia ya tatu ya kula fedha, nayo ni mwendo. Upepo hauongezeki sawasawa na spidi. Ukitoka kilomita 200 kwa saa kwenda 400, nguvu ya kuusukuma upepo huongezeka mara nane hivi. Ndiyo sababu Veyron ilihitaji injini ya lita 8, silinda 16, turbo nne na nguvu za farasi 1,001 ili ifike kilomita 407 kwa saa. Injini ya petroli hugeuza sehemu ndogo tu ya mafuta kuwa mwendo, nyingine yote ni joto la kutafutiwa pa kwenda, na Veyron ilipewa rejeta 10. Gari nyingi huku zinachemka na rejeta moja iliyoziba kwa maji ya kisima, sasa fikiria kuzifuatilia kumi.

Tangi lake lina lita 100. Likikanyagwa mpaka mwisho huisha kwa dakika 12 hivi. Kwa spidi hiyo umekwenda kilomita 80 na kidogo, yaani ungeondoka Makunduchi na tangi limejaa, ukakaukiwa mafuta kabla ya kufika Nungwi. Na hayo ni mafanikio, maana tairi kwa mwendo huo hudumu kama dakika 15. Ukipiga hesabu ya mzunguko, kila gramu ya raba kwenye uso wa tairi inavutwa nje kwa uzito wa zaidi ya kilo tatu na nusu. Tairi ya kuvumilia hayo ilibidi Michelin waibuni kwa gari hiyo peke yake. Seti moja ilitajwa kwa kiasi cha dola 40,000, na haivuliwi wala kufungwa kwa mashine ya kawaida. Kubadilisha oili nako kuna nati 16 za kumwagia, baada ya kufungua sehemu ya nyuma ya gari. Bili iliyozoeleka kutajwa Marekani inapita dola 20,000.

Za mnadani ni habari nyingine kabisa, wala sizichanganyi na hizi. Tarehe 5 Mei 2022, ndani ya jumba la makumbusho la Mercedes-Benz mjini Stuttgart, kampuni ya mnada ya RM Sotheby's iliuza Mercedes 300 SLR Uhlenhaut Coupé kwa euro milioni 135. Zilijengwa mbili tu, mwaka 1955, kwa ajili ya mashindano. Mercedes ikajitoa mashindanoni baada ya ajali ya Le Mans ya mwaka huo iliyoua watu zaidi ya 80, na mhandisi Rudolf Uhlenhaut akabaki akiendea kazini moja ya mbili hizo. Ferrari 250 GTO zilikuwa 36, na mwaka 2018 moja ilifika dola milioni 48.4. Hapo usitafute gharama ya kujenga. Matajiri wawili wametaka kitu ambacho hakitajengwa tena, na wa pili ndiye aliyeamua wa kwanza alipe ngapi.

Tuseme basi mtu ameishusha moja bandarini. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki wa asilimia 25 unapigwa kwenye thamani ya gari, pamoja na nauli na bima yake, kabla ya kodi nyingine, kwa hiyo gari ya euro milioni 3 inaanza kwa kuachia robo tatu ya milioni pale getini. Petroli inatakiwa ya oktani 98. Ikipata pungufu, kompyuta huchelewesha cheche kulinda pistoni, na farasi kadhaa wa mamilioni wanalala. Chini ya bampa pana nafasi ndogo: Veyron ikijiweka kwa spidi ya mwisho huachiana na lami sentimita 6.5 tu mbele, na tuta la skuli yoyote ya shamba ni refu kuliko hapo.

Kosa kubwa zaidi ni kuiacha banda la karibu na bahari na kuiwasha dakika tano kila Ijumaa ili wageni wasikie. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji. Ekzosi isipopata moto wa kutosha, maji hayo hubaki ndani na kutu huanzia humo, na oili huchanganyika na unyevu ikawa kama chai ya maziwa. Ama isiwashwe kabisa, betri ikiwa kwenye chaja yake na matairi yamejazwa upepo zaidi ya kawaida yasibonyee upande mmoja, ama itolewe iende nusu saa kamili. Mjini mpaka Mkwajuni inatosha. Kwenye matuta ipite mshazari, tairi moja moja, na akirudi aoshe kwanza chini, kwa maji baridi, kabla hajagusa juu.